Njiti ya Chelewa

Kitabu kimo mkobani mwangu tangu mwezi wa pili. Kimekwenda Kivukoni na kurudi Kimara zaidi ya mara mia moja, kimelala kati ya daftari za kidato cha tatu na hotipoti ya chakula cha mchana, na jalada lake lina doa la mchuzi wa nazi ambalo nimelifuta mpaka nikaliacha. Kimesafiri sana. Nilizosoma ni kurasa 31.

Kinaitwa Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alikiandika kwa Kiingereza kwa jina la Paradise, kikachapishwa mwaka 1994. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akatuletea riwaya hiyo kwa Kiswahili, ikatolewa na Mkuki na Nyota hapahapa Dar es Salaam. Kwa miaka 28 hadithi iliyozaliwa na pwani yetu ilikuwa ikizunguka dunia kabla ya kurudi kuzungumza lugha ya kwao. Siku niliyokinunua nilikinusa, nikasoma nyuma ya jalada, nikaandika jina langu na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza. Nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda stendi kumpokea ndugu yake.

Wenye kunionea huruma huniuliza kwa nini nisisome ndani ya basi, maana safari yenyewe ni ndefu. Anayeuliza hivyo hajapanda mwendokasi pale Kimara saa kumi na mbili asubuhi. Mkono mmoja umeshika bomba, wa pili umeukumbatia mkoba kifuani, na mgongo wa mtu usiyemjua uko usoni pako mpaka Magomeni. Jioni kuna njia yake: unapanda gari linalokwenda kituo cha mwisho, unageuza nalo, unarudi umekaa. Mwaka 2017, mabasi yale yakiwa na mwaka mmoja tu barabarani, niligeuza nayo kila jioni kwa miezi mitatu kwa ajili ya kusoma. Nilimaliza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwa namna hiyo, yote, neno kwa neno, nikiwa nimeegemea kioo. Yasmin alipomkimbia Bwana Raza nilikuwa nimepita kituo bila kujua.

Lakini kule kugeuza kulikula dakika arobaini kila siku. Nilipofika nyumbani wanangu walikuwa wameshalala. Mwisho wa muhula nikaletewa daftari la hisabati la mwanangu mdogo, limejaa alama nyekundu tangu ukurasa wa tano, na chini ya kila zoezi mwalimu wake ameandika: mzazi aweke sahihi. Hapakuwa na sahihi hata moja. Nikikiona kitabu kile kwenye rafu leo, Yasmin na daftari lile hunijia pamoja, na siwezi kuwatenganisha.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nina mikondo minne, kila mkondo una wanafunzi hamsini na kitu, kwa hiyo nikitoa insha moja nimejipa insha mia mbili. Insha ukiisoma kwa haki inataka dakika tatu au nne. Ndizo saa kumi na zaidi za juma, na bado sijagusa andalio la somo, azimio la kazi, vikao, na zamu ya kusimama getini asubuhi. Kwa hiyo ninasoma. Pengine hakuna mtu mtaani kwetu anayesoma kuliko mimi. Macho yangu hayana njaa ya herufi. Njaa yao ni ile ya kufungua kitabu bila kalamu nyekundu mkononi, bila kutafuta kosa, bila kujua nitakwenda kuulizwa nini.

Vitabu teule navyo vina haki yao. Takadini, ya Ben Hanson, nimeisoma zaidi ya mara kumi. Kila mwaka ninamsindikiza Sekai porini, mwanawe mwenye ualbino akiwa mgongoni, akikikimbia kijiji ambacho mila yake ilimtaka mtoto afe. Sijaichoka, nami nasema hivyo kwa moyo mweupe. Miaka ya mwanzo nilimtazama Sekai peke yake, jinsi anavyothubutu. Mwaka huu, bila kutarajia, nilijikuta nikimfikiria Makwati, mume aliyebaki nyuma, na usiku ule wa kwanza nyumba yake ilivyokuwa. Kitabu kimoja kikirudiwa kwa miaka mingi hukuonyesha mlango ambao msomaji wa haraka hauoni. Ila ninapokifunga, najua kuna Nagona na Mzingile za Kezilahabi kwenye rafu yangu ambazo nilizisoma chuoni mbiombio usiku wa kuamkia mtihani, na sijazirudia tangu hapo. Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Nilijisikia kama niliyekuwa na ahadi ya kumtembelea.

Wanafunzi wangu nao hawana muda. Nakala tulizonazo hazifiki hata moja kwa wanafunzi kumi, na mtihani hausubiri, kwa hiyo wengi wanasoma uchambuzi: karatasi za kutoa kopi stesheneri, zenye dhamira, wahusika, mandhari na muundo, hadithi ikiwa imenyonywa damu yote. Kuna msichana mmoja alinitajia sifa sita za Sekai bila kukosea hata moja. Nikamuuliza, ulipofika pale anapoingia porini na mtoto, uliogopa? Akanitazama kama niliyemuuliza habari za mtu asiyemjua. Na kweli hamjui. Si mvivu mtoto huyu. Huamka saa tisa usiku kukaanga maandazi na mama yake, huyauza kabla ya kengele, na saa nne darasani macho yanamfumba yenyewe. Hapo nitamlaumu kwa lipi? Nimempa kitabu changu aende nacho likizo. Amekirudisha hakijafunguliwa, amekifunga kwa gazeti kisichafuke.

Mama yangu alikuwa na adabu hiyohiyo kwa vitabu.

Nimekulia Muheza, upande wa machungwa. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mama alikuwa ameolewa karibuni na hakujua herufi. Alijifunza chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, alasiri, baada ya shamba, pamoja na wanawake wenzake waliokuja na watoto mgongoni. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 serikali ilihesabu kuwa amebaki mmoja katika kumi. Ni kazi ya kujivunia, na mama yangu yumo kwenye hesabu hiyo. Cheti chake tumekihifadhi.

Alichokikosa baada ya cheti ni wakati. Serikali iliwapa wanawake wale herufi, ikawapa vitabu vya kuanzia, ikawapa walimu. Hakuna aliyewaambia nani atatwanga, nani atachota maji, nani atambembeleza mtoto, wakati mama amekaa na kitabu. Mama alisoma kadi ya kliniki. Alisoma risiti na barua za kaka yake. Dukani alikuwa akiikunjua kanga yote kabla ya kuuliza bei, anapitisha kidole chini ya jina lake herufi kwa herufi, na kama jina halikumridhisha aliikunja upya, hata rangi ziwe nzuri namna gani. Sijawahi kumwona na kitabu mikononi kwa muda unaozidi kuchemka kwa sufuria.

Kwa hiyo alinitumia mimi. Baba alikuja na kitabu cha Adili na Nduguze kutoka Tanga mjini mwaka 1985, na jioni mama aliniita jikoni: “Nisomee.” Nilikaa kwenye kinu kilicholazwa, koroboi kwenye kishubaka cha dirisha, naye anachambua mchele au anakuna nazi. Akianza kukuna ilinibidi ninyamaze, kwa sababu sauti ya mbuzi ilimeza maneno. Kifuu kikiisha, ananiashiria kwa kidevu, naendelea. Mpaka leo nakifahamu kitabu kile kwa vifuu. Najua Ikibali anapofika Janibu ni kifuu cha kwanza, na ndugu wawili wanapogeuzwa manyani tulikuwa tunapika wali wa wageni, vilikuwa vifuu vitatu.

Kuosha vyombo baada ya chakula ilikuwa kazi yangu, mtoto wa kike wa kwanza. Usiku wa kusoma aliniambia, “Wewe soma,” akaviosha mwenyewe gizani, nami nikapaza sauti ili imfikie uani. Nilidhani ananipendelea. Sikuelewa kwamba ule ndio ulikuwa wakati wake wa kusoma, na kwamba alikuwa akiununua kwa kazi yangu aliyoibeba yeye. Hakupenda sehemu ya Adili kuwachapa manyani kila usiku. Hata alipojua kwamba Adili anafanya hivyo kwa kulazimishwa, na kwamba analia nao, aliniambia, “Ruka. Nenda wanaposamehewa.” Nikamwambia, mama, hapo ni mbali. Akasema, “Basi soma upesi.”

Shaaban Robert, aliyetuandikia kitabu hicho, alikuwa mtu wa mkoa wetu. Aliajiriwa na serikali ya kikoloni mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, akazunguka ofisi hata ofisi kwa zaidi ya miaka thelathini, akafa mwaka 1962 akiwa na miaka 53. Kusadikika ilitoka 1951, Adili na Nduguze 1952. Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilichapwa akiwa kaburini. Mtu aliyeandika vitabu vyote hivyo alikuwa akitumikia saa za ofisi za wengine, kwa hiyo aliandika kwenye mabaki ya siku. Chuoni nilifundishwa majina ya vitabu hivyo na miaka yake, nami nimewafundisha wengine. Sikufundishwa, na sikuwahi kuinua mkono kuuliza, ni nani aliyekuwa akikuna nazi nyumbani kwake.

Sasa ninauliza kila mahali. Wapo waandishi wa Kiarabu wa kale wanaosimulia habari za al-Jahiz wa Basra, mwanachuoni aliyefariki mwaka 868 au 869. Alikuwa maskini, akauza samaki na mikate ujanani, na hakuwa na uwezo wa kununua vitabu. Wanasema alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu usiku, akalala humo, yaani akakesha humo akisoma mpaka alfajiri. Nimeipenda habari hiyo tangu niliposimuliwa na mjomba, na kwa miaka mingi nilipenda ndani yake ile picha ya mtu mmoja, taa moja na rafu zilizomzunguka. Siku hizi jambo linalonishika ni ile kodi. Al-Jahiz alijua kwamba saa za kusoma zina mwenyewe na zina bei, akalipa kwa fedha yake, mlango ukafunguliwa. Sisi wengine tunasoma kwenye saa ambazo hatujui nani amezilipia.

Kuhusu simu nitasema kidogo, kwa kuwa yamesemwa mengi. Ni kweli saa nne usiku, nyumba ikishatulia, nina nusu saa, na mara nyingi nusu saa hiyo inakwenda kwenye simu. Ila mle ndani kuna kikoba, kuna kamati ya harusi ya mtoto wa shemeji, kuna taarifa ya msiba kijijini na namba ya kutuma rambirambi. Hao ni watu wangu. Siwezi kuwaita wezi wa muda wangu wakati wao ndio walionizikia mama.

Jambo linalonitisha zaidi ya simu niligundua Desemba moja, mama mkwe alipowachukua watoto, mume wangu akiwa safarini. Nilipata Jumamosi nzima, tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Nikapanda gari mpaka Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Barabara ya Bibi Titi iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Niliingia kwa heshima kama anayeingia mahali pa ibada. Vijana walikuwa wamejaa mezani na mitihani iliyopita, kimya, viyoyozi na mapangaboi vikivuma. Nikafungua kitabu changu. Baada ya kurasa mbili nikakumbuka unga. Baada ya kurasa nne nikajiuliza kama nilizima gesi. Saa sita mchana nilikuwa nimesoma kurasa kumi na moja na sikumbuki hata moja. Muda niliokuwa nikiulilia miaka yote ulikaa mbele yangu umekunja mikono, na mimi sikuweza kuupokea. Akili iliyozoea kukatizwa ilikuwa inajikatiza yenyewe. Nilitoka nikakaa ngazini nikala karanga, na nilikuwa karibu kulia.

Tangu siku ile sisemi tena kwamba nitasoma nikistaafu. Alikuwapo mwalimu mwenzangu, mtu wa jiografia, aliyeweka vitabu kwa ajili ya miaka sitini yake. Alivinunua kimoja kimoja kwenye mitumba ya vitabu kando ya barabara za Posta, akavifunga kwa plastiki, akavipanga kwenye kabati la kioo, riwaya upande mmoja, safari na historia upande mwingine. Alipostaafu mtoto wa jicho lilikuwa limeshatanda macho yote mawili. Nilipomtembelea aliniomba nimtajie majina ya vitabu kutoka rafu ya juu kwenda ya chini. Nilitaja, naye kwa kila jina akaitikia, “Eee, hicho.”

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi uliopita, Jumamosi usiku, nilikitoa Peponi mkobani. Tiketi ya basi niliyoweka kama alama ilikuwa palepale, ukurasa wa 31. Lakini kitabu hakikufunguka hapo. Kilifunguka mbele sana, chenyewe, kama mlango uliozoea mkono. Kwenye ukurasa wa 118 palikuwa na njiti ya ufagio wa chelewa, imekatwa safi, urefu wa kidole.

Mume wangu hasomi riwaya. Wanangu hukunja kona za kurasa, tumegombana kwa ajili hiyo. Niliishika ile njiti kwa muda, kisha nikatazama ukutani penye msumari ninapotundika mkoba, na chini ya msumari, pembeni ya mlango wa stoo, ndoo iliyofunikwa kifudifudi.

Tunaye dada wa kazi, binti wa miaka 22 aliyetoka Singida. Aliishia kidato cha pili, baba yake alipofariki. Yuko nasi miaka mitatu sasa. Huamka saa kumi na nusu alfajiri ili mimi niamke saa kumi na moja nikute chai, na hulala baada ya sufuria ya mwisho. Kumbe nikishalala alikuwa akikichukua kitabu, anakaa juu ya ndoo ndani ya stoo, anasoma kwa tochi ya simu, na kabla ya alfajiri anakirudisha mkobani kiende nami Kivukoni. Nilikuwa nakibeba mchana, na usiku alikikodi yeye. Kodi alilipa kwa usingizi.

Nilipomwita alitetemeka. “Nisamehe, Mama,” alisema. “Sijakichafua. Lile doa nililikuta.”

Nikamwambia sikumwita kwa ugomvi. Nikamwambia kitabu kibaki naye mpaka akimalize. Akakataa kwa adabu: kibaki tu mkobani, yeye atakisoma usiku, mchana hana wakati. Alilisema bila lawama yoyote, kama mtu anayekueleza kwamba maji ya bomba hutoka Jumanne.

Mchana hana wakati. Sentensi hiyo nilikuwa nimeisema mimi, kwa mashoga zangu, kwa walimu wenzangu, kwa dada zangu, miaka yote, nikidhani ni yangu. Usiku ule sikulala. Nilihesabu saa za nyumba yangu kama ninavyohesabu alama za mtihani. Kwa miaka mitatu nimeilinda saa moja ya Jumapili, kuanzia saa tisa hadi saa kumi alasiri. Nafunga mlango wa chumba, watoto wanajua wasibishe, na zile Jumapili chache zisizo na wageni wala msiba ninasoma. Saa hiyo niliiita yangu. Nilijisifia kwa kuipigania. Na kila Jumapili saa hiyohiyo, nje ya dirisha langu, palikuwa na mlio wa steelwire kwenye sufuria na maji ya kusuuza sare za shule. Nimeusikia mlio huo kwa miaka mitatu, na ulinisaidia hata kutulia. Kurasa zote nilizosoma chumbani mle zimesuguliwa na yeye.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi angalau saa 24 za mapumziko kila juma. Naijua. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi haki za wafanyakazi tulipokuwa tukijadili dhamira ya unyonyaji. Nyumbani kwangu tulikuwa tukimpa Jumapili aende kanisani, arudi, apike.

Mama yangu aliosha vyombo vyangu ili nisome. Mimi nilioshewa vyombo ili nisome. Kwa jirani hayo ni mambo mawili yanayofanana. Mimi ninajua yalivyo mbalimbali, kwa sababu mama alikuwa uani akisikiliza, na kitabu kilikuwa chetu sote wawili.

Jumapili iliyofuata nilimwambia aketi barazani. Hakuelewa. Nikamweleza kwamba kuanzia leo Jumapili ni siku yake nzima, akitaka atoke, akitaka alale, na kama atabaki nyumbani asishike chombo. Alisimama mlangoni na kanga yake begani, anatazama mikono yangu ikikunja mikono ya gauni, na nadhani aliogopa zaidi kuliko usiku ule wa njiti. Mume wangu naye alisogea akasema ataosha sare. Mwishowe binti akachukua kitabu, akakaa kwenye ukingo wa kiti, si kwenye kiti chenyewe.

Sufuria ya ugali ilikuwa imeganda. Nikaiwekea maji ya moto, nikaanza na sahani. Kutoka karoni pale uani baraza unaliona nusu: niliona magoti yake na kitabu juu ya magoti, na vidole vikigeuza ukurasa. Anasoma upesi. Baada ya robo saa alikuwa amesahau kuniogopa, miguu imepanda juu ya kiti. Mlio wa steelwire ulikuwa mkononi mwangu safari hii, nami nikajikuta nakumbuka mbuzi ya nazi, koroboi, kinu kilicholazwa. Hamu ikanipanda mpaka kooni. Nilitaka kumwambia apaze sauti. Nilitaka kusema, nisomee. Tungekuwa kama vile, na hata mimi ningekuwa nimesoma.

Neno lilifika ulimini nikalimeza. Ningelisema angepaza sauti mara moja, kwa utii, mpaka jioni, na ile ingekuwa kazi nyingine.

Nikasuuza vikombe. Jua lilikuwa limeanza kuhamia upande wa mnazi wa jirani. Nilikuwa nimefika kwenye masufuria aliponiita, bila kuinua macho, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeuliza mwenzake.

“Mama. Huyu Yusuf hakuna aliyemfunga kamba. Wamemchukua kwa deni la baba yake, sawa, lakini njia anaijua. Mbona hakimbii?”

Nilisimama na mikono ndani ya povu. Mimi niko ukurasa wa 31.